Kuwaona dubu weupe wa Churchill wakati wa vuli: mwongozo kamili wa safari

Vuli ya kwetu ni mvua. Vuli ya kaskazini mwa Kanada ni majani mekundu kwa wiki chache, kisha upepo, kisha bahari inaanza kuganda. Ni katika kipindi hicho kifupi, takriban katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba, ambapo dubu weupe hukusanyika kwenye pwani ya Churchill, mji wa watu 870 (sensa ya 2021) ulio ufukweni mwa Ghuba ya Hudson, jimbo la Manitoba. Hakuna barabara inayofika huko. Unafika kwa ndege au kwa treni.

Nimekwenda mara mbili kutoka Winnipeg, ninakoishi. Mara ya kwanza nilirudi bila kumwona dubu hata mmoja kwa karibu. Mara ya pili niliona kumi na mmoja kwa siku moja. Hali ya hewa ilichangia, lakini mipango yangu ya mara ya kwanza ilikuwa mibaya, na ndiyo maana naandika haya. Winnipeg na miji mingine ya Kanada ina Waswahili wengi sasa, Wakongo hasa, na kila mwaka wapo wanaoniuliza njia. Ndugu walioko Dar, Nairobi au Muscat pia wataona hapa wanachohitaji.

Kwanza elewa kwa nini dubu wako pale

Ukilielewa hili, maamuzi mengine yote yanakuwa rahisi.

Dubu mweupe anaishi kwa kula sili, mnyama wa baharini, na humwinda akiwa juu ya barafu ya bahari. Miezi yake ya shibe ni ya mwisho wa baridi na mwanzo wa kiangazi, sili wanapokuwa na watoto. Ikifika Julai barafu ya ghuba inayeyuka, naye analazimika kupanda nchi kavu. Huko hakuna chakula cha kumtosha. Anatafuna majani, matunda madogo ya porini, mayai akiyapata, lakini kwa hakika amefunga, na kila siku inayopita anapungua kama kilo moja. Jike mwenye mimba hufunga hata miezi minane, kwa sababu wenzake wanaporudi baharini Novemba, yeye anaingia kwenye shimo lake kujifungua.

Kwa nini Churchill na siyo pengine? Mto Churchill unamwaga maji yasiyo na chumvi ghubani, na maji hayo huganda mapema kuliko ya chumvi. Tena mkondo wa ghuba unazunguka kinyume cha mwendo wa saa, ukileta barafu changa na kuibana kwenye ufuo wa magharibi. Kwa hiyo barafu ya kukanyagika hutokea hapa kabla ya sehemu nyingine, na dubu wanalijua hilo. Wanakuja kusubiri mlangoni.

Neno la kushika ni hilo: wanasubiri. Mgeni naye anakwenda kusubiri pamoja nao. Kila shilingi utakayotumia, itumie kununua muda wa kusubiri. Hoteli nzuri, zulia, mvinyo wa jioni, hivyo vyote viweke nyuma.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Nusu ya kwanza ya Oktoba tandra, ile nchi tambarare ya kaskazini isiyo na miti, bado ina rangi: wekundu, kahawia, manjano. Vidimbwi havijaganda, baridi inavumilika, na wageni ni wachache. Dubu wapo lakini wametawanyika, wengi wamelala kwenye mwani na vichaka vya ufukweni.

Kuanzia wiki ya mwisho ya Oktoba theluji inashika, dubu wanasogea karibu na Rasi ya Churchill, na madume yanaanza kucheza mieleka. Wiki ya pili ya Novemba unaweza kupata dubu wengi kuliko wakati wowote, ila uko kwenye hatari ya aina nyingine: upepo ukigeuka na baridi ikashuka ghafla, barafu inafunga na dubu wanaondoka wote ndani ya siku mbili tatu.

Mimi nachagua kati ya tarehe 25 Oktoba na tarehe 8 Novemba. Ukitaka picha za dubu kwenye theluji tupu, sogea mbele kidogo. Ukiwa na watoto au mzee asiyeweza baridi, rudi nyuma.

Hatua ya 2: Hesabu siku zako

Hapa ndipo nilipokosea. Nililipia siku moja tu kwenye gari la tandra, gari kubwa linalopeleka wageni porini, nikidhani siku moja inatosha. Asubuhi ile ikaja dhoruba ya theluji. Gari liliondoka, ndiyo, lakini tulizunguka kwa muda wa saa saba tukitazama madirisha meupe, na kesho yake treni yangu ilikuwa inaondoka. Sikuwa na wa kumlaumu.

Siku mbili kamili porini ndicho kiwango cha chini. Tatu ni bora zaidi. Kama fedha hazitoshi, punguza kwenye malazi, punguza kwenye ndege ukapande treni, lakini usipunguze siku za porini.

Hatua ya 3: Chagua mwongozaji na aina ya safari

Kuna njia tatu, na tofauti zake ni kubwa.

Ya kwanza ni kulala mjini na kwenda porini kila asubuhi kwa magari makubwa ya tandra. Ni magari yenye matairi yanayokaribia urefu wa mtu mzima, yana joto, choo, madirisha ya kufunguka na roshani ya nyuma. Hupita kwenye njia za zamani za jeshi ndani ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Churchill, na vibali vyake vina kikomo, hivyo hutakuta msururu wa magari arobaini kumzunguka mnyama mmoja kama inavyotokea Mara au Serengeti msimu wa nyumbu. Wageni wengi wanafuata njia hii na inawatosha.

Ya pili ni kulala porini kabisa, kwenye mabehewa yaliyounganishwa kama treni na kuegeshwa kwenye tandra. Unaamka dubu yuko chini ya dirisha. Bei ni ya juu.

Ya tatu ni kambi ndogo za mbali kando ya pwani, zinazofikiwa kwa ndege ndogo, ambako unatembea kwa miguu na waongozaji wenye silaha na uzoefu mkubwa. Ni kwa watu wachache, na ndiyo ghali kuliko zote.

Ipo pia njia ambayo wengi hawaijui: Churchill Northern Studies Centre, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1976, kipo kilomita 23 hivi mashariki ya mji. Kinapokea wageni kwa programu za masomo za siku kadhaa. Unalala kwenye vitanda vya mabweni, jioni unasikiliza watafiti, mchana unapelekwa porini. Kwa mtu anayependa kujua mambo, hii naipendekeza kwa moyo wote.

Kabla hujalipa, uliza yafuatayo na usione haya: gari linachukua watu wangapi, na je, kila mtu ana dirisha? Ni saa ngapi hasa mnakaa porini, ukitoa muda wa kwenda na kurudi? Mwongozaji amefanya kazi Churchill misimu mingapi? Dhoruba ikizuia safari, kuna siku ya akiba au mnarudisha fedha? Mtu yeyote atakayekuahidi kwamba dubu atasogezwa karibu kwa chakula, mwache. Kumlisha dubu ni kosa la kisheria, na dubu aliyezoea chakula cha watu mara nyingi mwisho wake ni risasi.

Bei: siku moja kwenye gari la tandra ni mamia ya dola za Kanada kwa mtu. Kifurushi cha siku tano au sita pamoja na ndege kutoka Winnipeg kinafika maelfu kadhaa. Nafasi za msimu zinajaa mapema, kwa hiyo weka yako mwaka mmoja kabla.

Hatua ya 4: Njia ya kufika

Mtanzania au Mkenya anayetoka nyumbani anahitaji viza ya matembezi ya Kanada. Ada ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole dola 85. Anza miezi sita kabla au zaidi, na usilipie kifurushi kisichorudishwa fedha kabla viza haijatoka.

Ukishafika Winnipeg, ndege kwenda Churchill inachukua saa mbili hadi mbili na nusu. Treni inachukua siku mbili mchana na usiku, kilomita karibu 1,700, na inaondoka mara mbili tu kwa wiki. Unaweza pia kuendesha gari mpaka Thompson, kilomita kama 760 kutoka Winnipeg, ukaliacha hapo na kumalizia kwa treni usiku mmoja.

Nimepanda treni na ningeipanda tena. Mwanzoni unaona mashamba tambarare ya ngano, kisha misitu mizito ya misonobari, kisha miti inaanza kufupika. Asubuhi ya mwisho inakuwa vijiti vyenye matawi upande mmoja tu, kwa sababu upepo wa kaskazini magharibi umekata matawi ya upande wa pili. Halafu miti inakwisha. Ndege haiwezi kukuonyesha hayo. Ukiwa macho unaweza kuona na wanyama wakubwa wa msituni wa jamii ya kulungu, wanaoitwa musi (moose), wamesimama kwenye maji kando ya reli.

Ila reli hiyo, iliyofika Churchill mwaka 1929, imejengwa juu ya ardhi iliyoganda na yenye majimaji, na treni inakwenda polepole sana sehemu za mwisho. Kuchelewa saa kadhaa ni jambo la kawaida. Mwaka 2017 mafuriko yaliikata, na mji ukakaa bila treni hadi mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ileile treni inapofika Winnipeg. Acha siku nzima katikati.

Hatua ya 5: Nguo

Mwishoni mwa Oktoba joto linacheza karibu na sifuri na kushuka chini yake. Katikati ya Novemba nyuzi 15 chini ya sifuri ni za kawaida, na upepo wa ghuba unaongeza ukali mara dufu. Ndani ya gari kuna joto. Tatizo ni roshani, ambako ndiko utakakotaka kukaa.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani kabisa iwe ya sufu laini au kitambaa cha michezo, kamwe isiwe pamba, maana pamba ikishika jasho inabaki na ubaridi. Juu yake sweta nzito, kisha koti la upepo lenye kofia. Koti zito na buti usinunue: kampuni nyingi zinakodisha au zinatoa kama sehemu ya kifurushi, na ni bora kuliko utakavyopata Kariakoo au Gikomba.

Kwenye vidole ndiko watu wanakoshindwa. Chukua glavu nyembamba za kubonyezea kamera, na juu yake glavu nene zisizo na vidole tofauti. Soksi jozi moja nene. Ukibana jozi mbili ndani ya buti damu haipiti na miguu inakufa ganzi. Beba mafuta mazito ya mgando kwa midomo na uso, maana hewa ni kavu na ngozi yetu inapasuka haraka.

Hatua ya 6: Kuishi mjini bila kujiweka hatarini

Churchill dubu wanaingia mjini. Isome sehemu hii mara mbili.

Usitembee nje usiku. Saa nne usiku king'ora kinalia kuwakumbusha watu waingie ndani. Mchana tembea barabara kuu zenye watu, na pakiwa na alama ya onyo la dubu usivuke, hata kama ufukwe unaonekana mtulivu. Mawe yale makubwa ya pwani ndiyo dubu anapojilaza, na hutamwona mpaka uko hatua ishirini. Wenyeji wana desturi ya kuacha milango ya magari bila kufungwa, ili mtu aliyekutana na dubu apate pa kukimbilia.

Ukikutana naye, usikimbie. Anafikia kilomita 40 kwa saa. Usimgeuzie mgongo; rudi nyuma taratibu kuelekea mlango au gari lililo karibu, na ukishaingia piga simu ya doria ya dubu. Namba yake imebandikwa kila mahali mjini. Iweke kwenye simu yako siku ya kwanza.

Maofisa wa doria kwanza hufukuza dubu kwa baruti za kelele. Asiyesikia ananaswa na kupelekwa kwenye jengo ambalo watu wanaliita jela ya dubu, lenye vyumba 28. Humo anapewa maji tu bila chakula, ili asije akafikiri mjini kuna kula, kisha anabebwa kwa helikopta na kuachwa kaskazini. Ndani huruhusiwi kuingia, lakini ukibahatika kuwapo siku ya kumrusha, muulize mwongozaji kama wageni wanaruhusiwa kutazama kwa mbali.

Ukiwa huko tarehe 31 Oktoba, utaona jambo la pekee: watoto wa mji wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende jioni ya Halloween, huku magari ya doria, wazima moto na helikopta vikilinda ukingo wa mji. Mtoto haruhusiwi kuvaa vazi jeupe la kufanana na dubu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe porini

Unaondoka asubuhi kukiwa na mwanga, unarudi jua linapozama, ambalo mapema Novemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana ni mfupi. Kila saa ni mali.

Kumtafuta dubu kwenye theluji kuna ufundi wake. Serengeti tunatafuta mwendo, au umbo chini ya mti. Huku tafuta rangi. Theluji ni nyeupe, dubu ni wa manjano hafifu, kama pembe ya zamani. Ukiona doa la rangi hiyo kwenye vichaka, tulia nalo kwa darubini. Mara nyingi ni jiwe. Ukiona nukta tatu nyeusi, macho mawili na pua, umempata. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha; yenye nguvu zaidi inatikisika ndani ya gari.

Gari likisimama, nyamazeni. Mwongozaji mzuri anazima injini na kukaa. Hapo ndipo wageni wengi wanaposhindwa, baada ya dakika kumi wanataka kwenda kwingine. Kaa. Dubu aliyelala anaweza kukaa saa nzima bila kutikisika, halafu akainuka, akanyosha shingo kunusa upepo, akaja moja kwa moja mpaka kwenye gari kwa sababu ya udadisi. Siku ile ya dubu kumi na mmoja, wa tatu alitusubirisha kwa saa moja na nusu. Alipokuja, alisimama kwa miguu ya nyuma akaegemeza mikono ubavuni mwa gari, na nikasikia pumzi yake. Sakafu ya roshani ina matundu. Alipita chini akatunusa viatu. Hakuna mtu aliyesema neno.

Usitoe mkono wala kamera nje ya ukingo. Usidondoshe hata punje ya karanga.

Jifunze kumsoma. Akipiga miayo mara nyingi au kulamba midomo huku akikutazama, anaweza kuwa na wasiwasi. Akishusha kichwa, akitoa sauti ya kupuliza, mwongozaji atarudisha gari nyuma, na msimbishie. Madume mawili yanapokaribiana taratibu, vichwa chini, midomo ikigusana, mtakwenda kuona mieleka. Yanasimama, yanasukumana vifua, yanaanguka, yanapumzika juu ya theluji, kisha yanaanza tena. Ni mazoezi; mara chache yanaumizana. Mama mwenye watoto yeye anakwepa madume, kwa hiyo mtafute pembezoni.

Wapo na wengine. Mbweha wa Aktiki mwenye manyoya meupe kama pamba anamfuata dubu akitumaini mabaki. Mbweha mwekundu naye yupo, na siku hizi mara nyingi. Kuna sungura wa Aktiki amejikunyata nyuma ya jiwe, bundi mweupe juu ya kichuguu, na ndege wa jamii ya kwale wanaobadilika rangi kuwa weupe wakati wa baridi, ambao utawakanyaga kabla hujawaona. Nyangumi wadogo weupe wa mdomo wa mto wameshaondoka. Hao ni wa Julai na Agosti.

Kuhusu picha: lenzi ya milimita 100 hadi 400 inakidhi. Kamera inadanganywa na theluji ikaifanya ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa hatua moja. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza upesi. Ukitoka roshani kuingia ndani, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza na uiache ipate joto taratibu, la sivyo lenzi inajaa maji.

Hatua ya 8: Saa zilizobaki

Weka nusu siku kwa ajili ya watu wa huko. Jumba la makumbusho la Itsanitaq ni chumba kimoja chenye michongo ya Wainuit ya mfupa, jiwe na pembe, na ni kati ya makusanyo mazuri niliyowahi kuyaona popote. Uliza pia habari za Wasayisi Dene, wenyeji wa asili wa kaskazini, waliohamishwa kwa nguvu na serikali kutoka nchi yao ya uwindaji mwaka 1956 na kuletwa Churchill bila nyumba za maana. Wengi walikufa. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2016. Mgeni anayekuja kutazama wanyama tu akaondoka hajui hilo amepita mji bila kuuona.

Usiku, mbingu ikiwa safi, mianga ya kaskazini inacheza juu ya mji. Vuli ina mawingu mengi, hivyo usiitegemee. Mwombe mwenye hoteli akugongee mlango ikitokea, na itazame ukiwa mlangoni au na mwongozaji.

Hatua ya 9: Kuaga, na baada ya kurudi

Bakshishi ni desturi Kanada. Mpe mwongozaji na dereva mkononi siku ya mwisho. Buti na koti virudishe vikavu, na hesabu glavu kabla hujasaini.

Ukishafika nyumbani, fungua tovuti ya Huduma ya Barafu ya Kanada, ambayo hutoa ramani za barafu ya Ghuba ya Hudson kila siku. Utaona ukanda mwembamba unajitokeza kwenye ufuo wa magharibi, unapanuka, pengine upepo unaurudisha, unajitokeza tena. Siku hizi msimu usio na barafu ni mrefu kwa takriban wiki tatu kuliko miaka ya 1980, na dubu wa upande huu wa ghuba, waliokuwa karibu 1,200 wakati huo, walikadiriwa kuwa 842 mwaka 2016 na 618 katika hesabu ya ndege ya mwaka 2021. Mimi naifungua ramani ile kila asubuhi ya Novemba kabla ya kwenda kazini, mpaka siku ukanda unapofunga. Siku hiyo wameshaondoka kwenda kula.